Mama akipanda mlima anatembea, akishuka miguu inakufa ganzi. Wamesema mfereji wa uti wa mgongo umebana, tufanyeje?

Msambaa_wa_Kariakoo

Habari zenu wakuu, naombeni mnisaidie kwa hili maana siku hizi hata usingizi sipati vizuri. Mama yangu ana miaka 68, yuko Lushoto huko juu milimani, ni mkulima wa mboga maisha yake yote, karoti na kabichi, na mzigo wake siku zote ni wa kichwani. Ana sukari na presha ila dawa anameza bila kukosa.

Imeanza kama miaka miwili iliyopita. Mwanzo alikuwa anasema makalio yanachoka, sisi tukajua ni umri. Baadae ikawa akitembea kidogo mapaja yanakuwa mazito, ganzi inashuka mpaka kwenye unyayo, anasema kama anakanyaga sufuria la moto halafu ghafla miguu haipo. Kuna jiwe kubwa njiani kwenye kona ya mparachichi, zamani alikuwa anapita hapo na mzigo hajali, sasa hivi lazima akae, anainama mbele kabisa kifua kinakaribia magoti, dakika tano hivi inaachia, anasimama anaendelea. Na hilo jiwe halitoshi tena, siku hizi anatafuta pa kukaa kabla hata hajalifikia.

Kinachotuchanganya ni hiki, akipanda mlima anaenda vizuri tu, ni polepole lakini anaenda. Akishuka ndio balaa, na akisimama kwenye foleni ya zahanati dakika kumi tu anataka kulia. Majirani wameshaanza maneno, eti mbona kupanda anaweza, anajifanya ili watoto watume hela. Mama ananiambia hivyo kwenye simu anacheka lakini najua imemuuma sana, yeye ni mtu wa kazi, hajawahi kumtegemea mtu.

Nikamleta Dar, akapigwa picha ya MRI. Ripoti inasema L3-L4 na L4-L5, yaani pingili za kiunoni, mfereji umebana kwa kiwango kikubwa, disiki zimetokeza, ligamenti imenenepa na vijiungo vya nyuma vimekuwa vikubwa. Daktari tuliyemuona alitumia kama dakika tatu, akasema operesheni na ataweka vyuma, akaandika makadirio ya gharama, akaita mgonjwa mwingine. Sikuuliza hata swali moja, nilikuwa nimeshikilia tu ile bahasha.

Tumekaa kikao cha familia. Mjomba hataki hata kusikia, anasema kijijini kuna mtu alipasuliwa mgongo hajatembea tena mpaka kafa. Shangazi anasema kuna mzee anakanda vizuri, anampaka mafuta mgonjwa halafu anamkanyaga mgongoni na miguu, na watu wamepona. Mimi niko katikati na mama ananiangalia mimi. Kwa wanaojua, huu ugonjwa ni nini hasa? Operesheni ni lazima? Hivyo vyuma ni lazima? Na kama sio, tufanye nini?

Mazoezi_Tiba

Pole sana dada, na mpe mama pole. Mimi kazi yangu ni fiziotherapia, mwaka wa 11 huu, na hayo maelezo yako ya kupanda na kushuka ni mazuri kuliko hiyo ripoti, ngoja nikwambie kwa nini.

Pingili za mgongo zimepangwa moja juu ya nyingine na katikati yake kuna mfereji. Uti wenyewe unaishia huku juu, usawa wa mbavu za mwisho hivi au chini yake kidogo, baada ya hapo zinashuka nyuzi nyuzi za neva zinaenda miguuni, kwenye kibofu na kwenye haja kubwa, madaktari wanaziita mkia wa farasi maana ndivyo zilivyo ukiziona. Sasa umri unavyoenda disiki, yaani ile mito laini iliyo kati ya pingili, zinakauka na kutokeza nyuma, vijiungo vinaota mfupa, na ile ligamenti ya njano inayofunika mfereji kwa nyuma inanenepa. Kila mmoja anachukua kanafasi kake, mwisho neva zinabaki zimebanana kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni. Hiyo ndiyo stenosisi. Wengine wanazaliwa na mfereji mwembamba tayari kwa hiyo kwao inaanza mapema.

Kupanda na kushuka: kunja kiwiko chako uangalie kitambaa cha shati kwa upande wa ndani, kinajikunja si ndio? Ukikinyoosha kiwiko kinanyooka. Ile ligamenti inafanya hivyo hivyo. Mtu akisimama wima au akirudisha mgongo nyuma kidogo, inajikunja inaingia ndani ya mfereji, nafasi inapungua. Akiinama mbele inanyooka, nafasi inaongezeka. Mtu anayepanda mlima anainama mbele bila kujua, anayeshuka anajirudisha nyuma ili asianguke. Kwa hiyo mama haigizi hata kidogo, mgongo wake unafanya kile kile kilichoandikwa kwenye vitabu, na hao majirani waambie mtaalamu kasema hivyo. Wagonjwa wangu wengi hawawezi kutembea nusu kilomita lakini baiskeli wanaendesha mpaka mjini, kwa sababu kwenye baiskeli umeinama. Wengine wananiambia wakisukuma toroli au baiskeli yenye mzigo wanatembea vizuri kuliko mikono mitupu.

Hiyo pia inasaidia kutofautisha na mishipa ya damu ya miguu iliyoziba, ambayo mtu wa sukari na presha anaweza kuwa nayo. Yule wa damu akisimama tu pale pale maumivu yanaachia, hahitaji kukaa wala kuinama, na kupanda mlima kwake ndio kubaya zaidi. Pamoja na hivyo mwambie daktari aguse mapigo juu ya nyayo zote mbili, ni jambo la sekunde chache na wengi hawalifanyi.

Kuhusu mzigo wa kichwani, naomba uachwe leo. Ule mzigo unakandamiza pingili na unamlazimisha asimame wima kabisa, yaani mkao ule ule unaomuumiza.

Na huyo mzee wa kukanyaga HAPANA. Mama wa miaka 68 mifupa yake inawezekana imeshapungua uimara, nimeshapokea mgonjwa aliyekanyagwa hivyo pingili ikavunjika. Kumpaka mafuta ya moto na kumkanda taratibu misuli ya mapaja na makalio haina ubaya, inamfariji, lakini asipandwe mgongoni na mtu yeyote.

Mazoezi ninayowapa watu kama yeye ni ya kuinama. Alale chali kwenye mkeka, avute goti moja kifuani ahesabu mpaka 20, abadilishe, halafu yote mawili pamoja. Akae kwenye kigoda ainame mpaka mikono iguse sakafu, arudi taratibu. Kwa kuwa ana presha asibane pumzi na asiinuke kwa haraka. Kuna na ya kuimarisha tumbo na nyonga ila hayo aonyeshwe na mtu, asifanye kwa kusoma. Yale ya kulala kifudifudi unainua kifua juu, ambayo watu wanatumiana kwenye simu kwamba yanaponya mgongo, kwake yeye yatamuongezea, asiyafanye. Kutembea atembee ila kwa vipande, apumzike KABLA ganzi haijafika sio baada ya kufika. Fimbo iwe fupi kidogo ili imuinamishe. Asilazwe kitandani kutwa nzima, misuli ikiisha ndio mwanzo wa kuanguka. Mpe wiki 6 mpaka 12 za kufanya hivi kwa bidii ndio mseme imeshindikana au la.

Swali langu kwako, mikono yake ikoje? Anafunga vifungo vya nguo vizuri, anamenya karoti bila kuangusha kisu? Mfereji unaweza kubana shingoni pia, na ikiwa hivyo mpango wote unabadilika.

Dereva_Mstaafu

Mwanangu mimi sio daktari ila nimepasuliwa huo ugonjwa, nikueleze yangu uchukue yanayokufaa.

Nimeendesha lori miaka 26, Dar Tunduma, Dar Tunduma. Nilianza kuona miguu inakufa ganzi nikishuka kwenye gari, nikiwa nimekaa kwenye usukani niko sawa kabisa, nikishuka nitembee kwenda kula mgahawani hatua mia mbili naegemea ukuta. Nikawa naenda duka la dawa nachomwa diklofenaki, naendelea na safari. Nilifanya hivyo miaka mitatu! Siku moja nikiwa Mafinga nikatapika damu, vidonda vya tumbo, nikalazwa, damu chupa mbili. Kwa hiyo kwa mama mwenye sukari na presha hizo dawa za maumivu za kununua dukani kuwa mwangalifu mno, zinapandisha presha na zinakula figo, hilo niliambiwa nikiwa kitandani tayari.

Kilichonipeleka kwenye kisu haikuwa maumivu. Ndala ya mguu wa kushoto ilianza kuvuka bila mimi kujua. Natembea, mtoto ananiita nyuma, babu umeacha ndala. Nageuka naiona iko nyuma yangu hatua kumi, sikuhisi chochote. Unyayo ulikuwa haunyanyuki tena unaburuzika. Daktari alivyoona hivyo akasema mzee hapa hatuna muda wa kusubiri.

Nilikuwa na miaka 63. Wakanifungua mgongo wakaondoa ule mfupa wa nyuma na ligamenti, laminektomi wanaita, vyuma sikuwekwa. Siku ya pili asubuhi wakanisimamisha, nikatembea mpaka mlangoni na kurudi na sikuamini, ile hali ya mguu kuwaka moto ILIKUWA HAIPO. Nililia mwanangu, mtu mzima mimi. Wiki ya sita nikatembea kutoka nyumbani mpaka msikitini bila kupumzika.

Sasa nikwambie na upande wa pili. Vidole vya mguu wa kushoto mpaka leo mwaka wa nne vina ganzi, haikurudi, daktari alisema neva ilikaa imebanwa muda mrefu mno. Na mgongo wenyewe bado unauma kukiwa na baridi au nikikaa sana. Nilikuwa nimeambiwa kabla kwamba operesheni inaponya miguu zaidi kuliko mgongo, kwa hiyo sikulaumu mtu, ila kuna mwenzangu tulilazwa naye hakuambiwa na yeye ana kinyongo mpaka kesho. Muulizeni daktari hilo swali wazi wazi.

Kuhusu mjomba wako mwambie asimsemee mama. Mwenye miguu ni yeye.

Bint_Kisauni

Pole dadangu, niko Mombasa huku. Nataka tu kuongeza kitu kimoja kwa sababu kilitupata. Babangu aliumwa mgongo na miguu ikawa dhaifu, tukaambiwa ni uzee, mifupa imesagika, akapewa dawa za maumivu na mkanda wa mgongo, miezi minne ikapita hivyo hivyo. Kumbe ilikuwa TB ya mifupa. Alikuwa anatoka jasho usiku mpaka shuka yalowa, na kanzu zake zote zilikuwa zampwaya, lakini hakuna aliyeuliza na sisi hatukujua kuwa jasho la usiku lina uhusiano na mgongo. Alitumia dawa za TB karibu mwaka mzima, alhamdulillah sasa atembea na mkongojo.

Najua mamako ashapigwa MRI na wangeona. Naandika kwa wengine watakaosoma hapa, kama mzee wako aumwa mgongo na pia akonda, ana homa, au maumivu yamkalia usiku akiwa amelala tu hafanyi kitu, msikubali kuambiwa ni uzee mkaenda nyumbani. Na wazee wanaume waangaliwe tezi dume pia, saratani yake yapenda kwenda kwenye mifupa ya mgongo.

Zamu_ya_Usiku

Mimi ni daktari, niko kwenye mafunzo ya upasuaji, sitatoa ushauri wa mgonjwa ambaye sijamuona ila kuna mambo ya jumla naweza kuyaweka sawa, na naandika nikiwa zamu kwa hiyo mtanisamehe nikikatisha.

La kwanza kabla ya yote. Mama akianza kushindwa kukojoa au mkojo unatoka bila kuhisi, haja kubwa hivyo hivyo, au akisema anapojisafisha chooni sehemu za siri na katikati ya makalio hahisi mkono wake, au miguu inapoteza nguvu kwa siku chache, hapo hakuna mazoezi wala kikao cha familia. Ni hospitali kubwa siku hiyo hiyo hata kama ni usiku. Huo mkia wa farasi aliousema mwenzangu ukibanwa kabisa, kila saa inahesabika, na kilichopotea mara nyingi hakirudi. Mama zetu wanaona aibu kusema mambo ya chooni kwa hiyo muulize wewe, au kama hataki kukwambia wewe aulizwe na dada yake.

Sasa ripoti. Neno limebana kwa kiwango kikubwa linatisha ila jueni kwamba ukiwapiga MRI watu wa miaka 65 mtaani ambao hawaumwi chochote, wengi utakuta mifereji yao imebana na wanalima. Picha peke yake haimpeleki mtu kwenye kisu. Kinachompeleka ni picha ikikubaliana na anavyoumwa, na maisha yake yamebanwa kiasi gani, na mazoezi yamejaribiwa kweli au yametajwa tu. Na huu ugonjwa kwa wengi hauendi mbio, kuna watu wanakaa miaka hali ni ile ile, kwa hiyo kama dalili za hatari hazipo mna muda wa kufikiri, msikimbizwe.

Kwa kuwa ana sukari, ganzi ya nyayo inaweza kuwa mchanganyiko. Ganzi ya sukari haijali umekaa au umesimama, ipo tu kama umevaa soksi, na inaanzia vidoleni kupanda juu. Ganzi ya mgongo inakuja na kuondoka kwa mkao. Kama anatumia metformini, ile dawa ya sukari, miaka mingi apimwe na vitamini B12 pia. Ni muhimu kujua kipi ni kipi kabla, maana operesheni ya mgongo haitagusa ile ganzi ya sukari na mkiitegemea mtavunjika moyo.

Sindano ya mgongoni. Sijui kama mmeambiwa, lakini mtaambiwa. Ni steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, na dawa ya ganzi kwenye mfereji. Mwaka 2014 ulitoka utafiti wa Marekani wa wagonjwa 400 wa stenosisi, nusu walichomwa steroidi na dawa ya ganzi, nusu dawa ya ganzi peke yake, baada ya wiki 6 wote walikuwa na nafuu kiasi na tofauti kati yao ilikuwa ndogo sana au hakuna. Kuna anayepata ahueni ya muda akapumua, sikatai, ila sio tiba ya kuuza ng'ombe. Na kwa mtu wa sukari, steroidi inapandisha sukari kwa siku kadhaa, kama wataamua kumchoma awe na kipimo chake nyumbani.

Gabapentini na wenzake, zile dawa za maumivu ya neva, kwa ugonjwa huu ushahidi wake ni mdogo, na kwa mtu mzima zinaleta kizunguzungu. Kizunguzungu kwenye njia za Lushoto sio kitu cha kuchezea.

Operesheni dhidi ya mazoezi, watu wanabishana sana. Kuna utafiti mwingine wa Marekani ulitoka 2015, watu 169 ambao wote walikuwa wameshakubali kupasuliwa, wakagawanywa kwa bahati nasibu, wengine kisu wengine fiziotherapia ya maana. Baada ya miaka miwili makundi yalikuwa karibu sawa. Lakini soma vizuri, zaidi ya nusu ya waliopangiwa mazoezi waliishia kuomba kisu njiani. Mimi naisoma hivi, kuanza na mazoezi hakumpotezei mama kitu kama hana dalili za hatari, wengine yatawatosha, na yasipotosha mlango wa operesheni bado uko wazi. Na kwa wale ambao kweli hawawezi kutembea na mazoezi wameshafanya, operesheni inasaidia, hilo naliona wodini kila wiki.

Naitwa, nitarudi kwenye vyuma.

Msambaa_wa_Kariakoo

Jamani asanteni, nimesoma nimesimama katikati ya duka wateja wananiangalia. Mzee Dereva shikamoo, hiyo habari ya ndala nimemsomea mama kwenye simu akanyamaza kidogo akasema ya kwake haijavuka, ila akaenda kujaribu, nikamsikia anatembea na kurudi huku anaburuza makusudi kusikiliza. Akasema inakaa.

Mazoezi_Tiba, mikono nimeuliza, anafunga vifungo, anasuka ukili, anachambua maharage, hakuna shida. Kukonda hajakonda, jasho la usiku hakuna. Mambo ya chooni aliniambia niache, nikampa mama mdogo azungumze naye, amesema anahisi vizuri na mkojo uko sawa. Metformini anatumia mwaka wa tisa sasa, hiyo B12 hajawahi kupimwa.

Na ganzi nimemuuliza kama mlivyosema, akiwa amekaa inakuwepo? Anasema vidoleni ipo kidogo muda wote lakini ile kubwa inakuja akisimama. Kwa hiyo ndio mchanganyiko?

Dereva_Mstaafu

Marahaba mwanangu. Amefanya vizuri kujaribu. Awe anaangalia hivyo kila wiki, pia asimame kwa visigino tu vidole viko juu, ashike meza. Mimi mguu wa kushoto ulikuwa hauwezi hilo miezi kabla ya ndala, na hakuna aliyenijaribu.

Zamu_ya_Usiku

Nimerudi. Ndio dada, inaonekana vyote viwili vipo, mueleze hivyo hivyo daktari atakayemuona, kwa maneno hayo hayo ya mama.

Vyuma. Hapa ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa, na gharama inapopanda. Kuna kazi mbili tofauti. Moja ni kufungua nafasi, kuondoa mfupa na ligamenti inayobana, ndio aliyofanyiwa mzee wetu hapo juu. Ya pili ni kuunganisha pingili kwa skrubu na vyuma ili zisicheze. Hiyo ya pili ina sababu zake, pingili ikiwa imeteleza na inacheza, mgongo umepinda sana, au ili kufungua nafasi inabidi uondoe mfupa mwingi mpaka mgongo ulegee. Bila hizo sababu, kuongeza vyuma kwenye stenosisi ya kawaida hakujaonyesha faida. Wasweden walifanya utafiti wa watu 247, ukatoka 2016, wa miaka 50 mpaka 80, nusu kufunguliwa nafasi tu, nusu kufunguliwa na kuunganishwa. Baada ya miaka miwili, na waliofuatiliwa mpaka mitano, hakuna tofauti ya maana, hata kwa wale ambao pingili ilikuwa imeteleza kidogo. Tofauti ilikuwa waliowekwa vyuma walivuja damu zaidi, gharama zaidi, na walilala hospitali kama siku 7 wakati wenzao ni siku 4. Wanorwei nao 2021 wakaangalia hasa watu wenye pingili iliyoteleza, wakakuta kufungua tu hakukuwa duni.

Sisemi daktari wenu kakosea, inawezekana kaona kitu ambacho hakukueleza. Ila una haki ya kumuuliza, daktari pingili imeteleza? Umeipiga eksirei akiwa amesimama, ameinama na amejirudisha nyuma kuona kama inacheza? MRI anapigwa amelala chali, kuna kuteleza kwa pingili kusikoonekana akiwa amelala. Kama jibu ni haichezi, muulize vyuma vinafanya kazi gani hapo. Daktari mzuri hatakasirika, atakuchorea kwenye karatasi. Na mwende mkapate maoni ya pili, pale MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, wapo madaktari wa mgongo kila siku wanaona hivi vitu, chukueni rufaa.

Mjomba muelewe pia, woga wake una msingi. Operesheni ya mgongo ina hatari, maambukizi, utando wa maji ya uti kuchanika, damu kuganda miguuni, na mara chache neva kuumia. Zamani watu walifika wakiwa wameshapooza kutokana na TB au saratani, wakapasuliwa, hawakutembea, kijiji kikahesabu kwamba kisu ndio kimempooza. Muulize mjomba yule mtu alikuwa anatembea kabla ya kupasuliwa? Sukari ya mama ishushwe vizuri kabla ya siku yenyewe, sukari ya juu ndio rafiki wa maambukizi ya kidonda.

Bint_Kisauni

Hilo la mjomba ni kweli kabisa, kwetu pia kulikuwa na hadithi kama hiyo na tulipouliza vizuri yule mtu alikuwa ashabebwa kwa machela akienda.

Mazoezi_Tiba

Naunga mkono yote. Dada fanya kitu kimoja, pima. Hesabu kutoka mlangoni kwake mpaka anapolazimika kukaa ni hatua ngapi, aandike kwenye daftari leo, halafu kila Jumapili. Wiki ya nane tutajua kama mazoezi yanafanya kazi bila kubahatisha, na daktari wa maoni ya pili ukimuonyesha hilo daftari atakusikiliza zaidi ya dakika tatu.

Msambaa_wa_Kariakoo

Nimerudi kuwapa taarifa maana mlinibeba. Mjomba nimemuuliza swali la Zamu. Akafikiri sana, akasema yule bwana alianza kutambaa wakati wa mvua za masika na alipasuliwa Agosti. Hakuongeza kitu, lakini jana kampigia mama mwenyewe kamwambia twende kwanza tusikilize.

Mama ameacha mzigo wa kichwani, mdogo wangu wa mwisho ndio anashusha mboga na toroli la mbao, na mama anashuka naye ameshikilia toroli kwa nyuma! Ni yeye mwenyewe kagundua kwamba akilishika anafika mbali. Mazoezi ya mkeka anafanya asubuhi na jioni, anasema lile la magoti mawili ndio tamu. Daftari liko, Jumapili ya kwanza hatua 140, ya pili 150, ya tatu 145, ya nne juzi hatua 210, na ni kwa mikono mitupu bila toroli. Jiwe la mparachichi liko hatua 260 hivi kwa kuhesabu kwake.

Rufaa tumepata, miadi ni tarehe 19 mwezi ujao. Nimeandika maswali yote kwenye karatasi, la pingili kuteleza liko la kwanza. Nina swali moja la mwisho, niende na nini, ripoti tu inatosha? Ile CD ya MRI sijui hata kama inafunguka.

Zamu_ya_Usiku

Nenda na CD, ripoti peke yake haitoshi, daktari wa mgongo anataka aone picha kwa macho yake. Ijaribu kwenye kompyuta kabla, ikikataa rudi mlikopigia wakuchomee nyingine, wanayo kwenye mashine. Beba na dawa zake zote kwenye mfuko na maboksi yake, kadi ya kliniki ya sukari, majibu ya B12 kama yatakuwa yametoka, na lile daftari. Na mama asivae suruali ya kubana, avae gauni na khanga, atavuliwa viatu na kujaribiwa miguu.

Dereva_Mstaafu

Hatua 210! Mwambie mama babu wa Tunduma anamsalimia, na fika mapema, foleni ya pale ni ndefu, mtafutie kiti asisimame.